Mkwe Aliyeleta Mimea Isiyo na Maua

Bi Mastura, jirani yangu wa Kilwa Kivinje, huhesabu vipande vya samaki mara mbili: vikiwa vibichi, na tena vikishaiva. Hufanya hivyo hata siku anapopika peke yake na kula peke yake, na siku hizo sijui huwa anamshuku nani.

Nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na mitatu, mimi Fauzia muuza vitumbua, na katika miaka hiyo amenishuku kwa kuku, kwa ndoo, kwa kamba ya kuanikia nguo na kwa mumewe, marehemu mzee Maftaha, ambaye, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kuibwa. Nimezoea. Wala si mtu mbaya. Nilipougua homa mwaka juzi aliniletea uji siku nne mfululizo, na kila siku aliuonja mbele yangu kwanza, nisije nikamshuku. Anadhani watu wote tunaamka asubuhi na mawazo kama yake.

Mtu kama huyo akaletewa mkwe.

Mwanawe ni mmoja tu, Mudathiri, fundi wa majokofu. Alipotaka kuoa yakafanyika makubaliano: yeye na mkewe wakae na mama mwaka mmoja na nusu pale Kivinje, kisha waamue wenyewe kama watabaki au watahamia Lindi, ambako kiwanda kimoja cha barafu ya samaki kilikuwa kinamtaka. Bi Mastura aliyakubali mbele ya wazee, halafu akaja kwangu kuyalilia. "Fauzia, hawa wakiondoka mimi nitafia humu ndani, na mtajua kwa harufu." Nikamkemea aache maneno hayo. Lakini niliona kuwa hatanii. Hofu yake ilikuwa hiyo moja tu, kubaki peke yake mle ndani, na yote aliyoyafanya baadaye yalitoka hapo.

Bibi harusi aliitwa Naima, Mmwera wa Milola, yatima wa mama, mpole wa sauti na mrefu kuliko mumewe. Siku alipoletwa tulitoka wanawake wa mtaa mzima kuangalia vyombo, kama ilivyo ada. Lilishuka sanduku, likashuka godoro, zikashuka sufuria, na mwisho vikashuka vyungu vitano vyenye mimea. Tukavisogelea kunusa. Kwetu sisi mtu akisema amepanda kitu nyumbani, basi ni mwasumini, au mkilua, au mrehani, kitu cha kutia kwenye nywele na kitandani. Bi Mastura mwenyewe alikuwa na mwasumini chini ya dirisha la chumba chake, alioupanda mzee Maftaha kwa mkono wake, na ulikuwa umepanda mpaka kwenye bati. Jioni maua yakifunguka mtaa mzima unanukia, na anayetaka kikuba cha harusi, kile kishada cha maua ya kunukia, huja kubisha pale.

Vyungu vya Naima havikunukia chochote. Kimoja kilikuwa na mmea wa msituni, shina nene na majani yanayong'aa utadhani yamepakwa mafuta ya nazi. Kimoja dungusi dogo, duara kama ngumi, limejaa miba. Kimoja mshubiri. Kimoja kina vijani vinene mfano wa vidole vya mtoto mchanga. Na cha tano kilikuwa na majani marefu yaliyosimama wima kama mapanga, ndugu yake mkonge, kijani cha mistari, na kila jani limezungushiwa ukingo wa njano kuanzia chini mpaka kwenye ncha.

"Haya yanatoa maua lini?" Bi Mastura akauliza.

"Humu ndani hayatoi, Mama."

"Hata mwakani?"

"Hata mwakani. Ndiyo sababu nimeyachagua haya."

Bi Mastura akanigeukia. Jioni aliniita ukutani. "Umesikia? Mtu anauchagua mti kwa sababu hautoi maua. Hebu niambie wewe, Fauzia, uliwahi kumwona mtu akichagua kuku kwa sababu hatagi?"

Nilirudi kwenye unga wangu wa vitumbua. Kusema kweli na mimi neno lile lilinitatiza.

Wiki ya kwanza Naima hakuviweka vyungu mahali. Alivirundika uani, akawa anazunguka nyumba mikono mitupu. Saa tatu asubuhi yuko ukumbini, saa sita yuko kwenye korido, saa kumi yuko chumba cha nyuma. Akifika mahali anainama, ananyoosha kiganja juu ya sakafu na kukitazama kivuli chake, kisha anakwenda kwingine. Bi Mastura alimfuata kwa macho, fagio mkononi, akifagia mahali pamoja mpaka sakafu ikang'aa.

"Anaipima nyumba," aliniambia. "Anaipima aiuze."

Nilichoka na hayo maneno, nikaenda kumuuliza msichana mwenyewe. Akacheka, akanishika mkono na kunionyesha. Kivuli cha kiganja kikiwa kikali, kila kidole kinaonekana, hapo dungusi na mshubiri watakaa. Kikiwa kimefifia, ni pa yule mwenye vidole vya mtoto, naye asogezwe dirishani. Kusipokuwa na kivuli kabisa, ni pa yule wa msituni, kwa kuwa kwao huko Milola alizoea kukaa chini ya miti mikubwa. Nyumba ya Bi Mastura ni ya zamani, kuta nene, madirisha madogo, na mlango wa mbele unaingiza upepo wa chumvi. "Jani jembamba litaungua na chumvi hii, Bi Fauzia. Na maji hapa tunanunua kwa ndoo. Inatakiwa mimea yenye akiba yake mwilini." Akaniambia pia kwamba huimwagilia mara moja kwa wiki mbili, na ndoo haifiki nusu.

Nikarudi kumweleza Bi Mastura. Kilichomkaa masikioni kilikuwa kimoja. "Wiki mbili? Na ni siku gani?"

"Ijumaa, nadhani."

"Ijumaa!" akasema, akajishika kiuno.

Ilikuwa Ijumaa kwa sababu Mudathiri anashinda nyumbani na anabeba maji. Lakini nani wa kumwambia? Ikawa kila Ijumaa ya maji Bi Mastura anakaa kwenye mkeka na tasbihi, anamtazama Naima akifuta majani kwa kitambaa chenye maji, moja moja, juu na chini, huku akisema maneno kwa Kimwera. Bi Mastura hajui Kimwera. Mtu asiyekijua Kimwera, tena mwenye moyo kama wake, akikisikia kinasemwa polepole mbele ya mti asioamini kuwa ni mti tu, usiku huo hapati usingizi.

Halafu kulikuwa na kifua. Tangu mumewe afariki, Bi Mastura alikuwa na pumu ya jioni. Magharibi ikiingia kifua kinambana, anakohoa, anapiga filimbi kooni mpaka inatia huruma. Alishashuku moshi wa vitumbua vyangu, akanihamisha jiko mara mbili. Alishamshuku Yassini wa nyumba ya tatu kwa kukaanga samaki, alishashuku rangi mpya ya msikiti, alishashuku jicho la watu. Sasa akamshuku Naima, ingawa kifua kilianza miaka minne kabla msichana hajakanyaga Kivinje.

Mwezi wa tano wa ndoa akagundua kwamba tawi la mwasumini lililokuwa likiingia dirishani limekatwa. Mwezi wa sita likakatwa lingine. Hakusema kitu mbele za watu, ila aliokota kile kipande cha tawi, akakifunga kwenye leso na kukitia ndani ya kabati, kama ushahidi wa mahakamani.

Mwezi wa nane Naima akakihamisha kile chungu cha mapanga yenye ukingo wa njano. Kilikuwa chumbani kwake siku zote. Akakitoa, akakifuta vizuri, akakiweka mlangoni mwa chumba cha mama mkwe wake, upande wa kulia anapotokea mtu.

Na hapa ndipo naingia mimi, na naomba nisemwe kwa haki yangu. Kama ningefunga mdomo, yasingetokea yaliyotokea.

Siku ya harusi kule Milola nilizunguka nyuma ya nyumba ya kina Naima kutafuta choo, nikapotea njia, nikatokea kwenye makaburi ya ukoo wao. Nikaona mmea ule ule, mapanga yenye ukingo wa njano, umepandwa kwenye kaburi upande wa kichwa. Niliusahau. Bi Mastura aliponiita anionyeshe chungu kilichohamia mlangoni kwake, nikaukumbuka, na mdomo wangu ukatangulia akili.

"Dada, huu si ule wanaopanda makaburini kwao?"

Uso wake ulibadilika. Alirudi nyuma hatua tatu, akaegemea ukuta. Hakunishuku hata kidogo, ndiyo ajabu yake. Mwanamke aliyenishuku kwa kamba ya nguo aliliamini neno langu hilo moja papo hapo, kwa kuwa lilikuwa neno baya.

Wiki hiyo hiyo Mudathiri na Naima wakaenda Lindi siku tatu, kukiona kile kiwanda. Walipotoka tu, Bi Mastura akaniita mchana, akafunga mlango wa mbele na wa nyuma. Chungu kilikuwa katikati ya sakafu juu ya gazeti.

Alianza na kisu cha jikoni. Akalikata jani moja refu, akalipasua vipande vitatu aone kama kuna hirizi ndani. Palikuwa na ute na maji tu. Akavirusha vipande nje kwa dirisha la jiko. Kisha akakipindua chungu. Ukatoka udongo, ikatoka mizizi minene ya rangi ya chungwa, na chini kabisa vikatoka vipande vya mkaa na vigae vya sahani iliyovunjwa, vyenye maua ya bluu.

Tukatazamana.

"Mkaa," alisema.

"Na sahani," nikasema mimi.

"Iliyovunjwa. Kwa makusudi. Fauzia, huyu ananizika nikiwa hai."

Leo mtoto wa darasa la tatu angetuambia kwamba vigae na mkaa huwekwa chini ya chungu ili maji yapite na mizizi isioze. Sisi wanawake wazima wawili tuliona nyumba iliyovunjwa na moto uliozimwa. Mimi ndiye niliyesema "chumvi". Yeye ndiye aliyechemsha maji. Tulitia chumvi ya mashimoni, ile nene, bakuli mbili zilizojaa, tukaumwagia ule mmea kwenye mizizi huku anasoma alichokisoma. Ukatoa harufu kama ya mboga inayochemka. Kesho yake ulikuwa umelala chini, na tuliutupa shimoni pamoja na udongo na chungu chake.

Waliporudi, Naima aliliona pengo kabla hajaweka mkoba chini.

"Mbuzi wa Yassini waliingia," Bi Mastura akasema. "Wakaumaliza."

Naima alitazama mlango, akatazama sakafu iliyofagiwa. "Mbuzi hawaugusi ule, Mama," akasema taratibu. "Ni mchungu." Akaingia chumbani kwake na hakutoka mpaka asubuhi.

Aliyetoka ni Mudathiri. Yule kijana simjui kwa ukali, lakini siku ile sauti yake ilipita ukuta wangu neno kwa neno. Alimweleza mama yake kwamba mmea ule ulikuwa wa marehemu mama yake Naima. Ulikaa mlangoni pake miaka yote ya uhai wake, na alipofariki wakauhamishia kaburini kwake, upande wa kichwa. Naima alipoolewa alichukua mtoto mmoja wa mmea ule, wenye mzizi, akaja nao. Mvua za mwaka huu mafuriko yalisimama makaburini wiki tatu, wa kule ukaoza wote. Kile chungu ndicho kilichokuwa kimebaki. "Alikuwa analala nao chumbani, Mama. Akaniambia, 'Mama yangu hana kazi humu, bora akae mlangoni kwa mama niliyepata.'"

Kisha akamweleza habari ya kifua. Daktari alikuwa amemwambia yeye Mudathiri, si jana wala juzi, kwamba maua yenye harufu kali ndiyo yanayombana mama yake, na kwamba mwasumini uondolewe dirishani. Akashindwa kusema, kwa kuwa ulipandwa na baba. Akamwambia mchumba wake. Naima akamjibu kwamba nyumba ya mtu mwenye kifua inataka majani, haitaki maua, na kwamba atayachagua mwenyewe, na ule mwasumini ataupunguza tawi kwa tawi ili mama asiumie moyo. Mkwe hamwambii mama mkwe wake, "Wewe ni mgonjwa, na ua la mumeo ndilo linalokuua." Kwa hiyo walinyamaza wote wawili kwa heshima, na katika ukimya ule sisi tukajaza ya kwetu.

"Mwezi wa saba mwakani tunahamia Lindi," Mudathiri akamalizia. "Nimeshawajibu."

Asubuhi Bi Mastura alikuja kwangu mwenyewe, mara ya kwanza bila kupitia ukutani. Macho yalikuwa yamemvimba. Nilidhani amekuja kunitukana, na nilistahili. Niliona aibu hata kumpa kiti.

"Lile jani," akasema. "Nililolikata."

Tukalitafuta nyuma ya jiko. Vipande vyote vitatu vilikuwa pale mchangani, vimenyauka kwenye majeraha lakini vya kijani bado. Vilikatwa kabla ya chumvi, ndicho kilichoviokoa. Hatukujua la kufanya navyo, na anayejua ni yule tusiyeweza kumuuliza. Nikatumwa mimi nizuge.

"Naima mwanangu," nikamwambia, "hivi jani la mshubiri likikatika linaoteshwaje?"

"Liachwe kivulini siku tatu jeraha likauke. Kisha lisimikwe mchangani, sehemu iliyokuwa chini ndiyo iwe chini. Likigeuzwa halioti. Maji kidogo, mpaka mchanga ukauke kabisa ndipo uongeze. Na lisiguswe." Akanikazia macho. "Bi Fauzia, una mshubiri wewe?"

"Nitaupata," nikasema, nikaondoka haraka.

Vipande viwili Bi Mastura aliviua mwenyewe. Alivipanda kwenye makopo ya maziwa, akavificha chini ya kitanda cha uani, na kila siku alifukua kuangalia kama mzizi umetoka au vinamdanganya. Cha kwanza kikaoza mwezi wa kwanza. Cha pili kikaoza wiki mbili baadaye. Nilimwambia, "Dada, unavikagua kama mgambo." Akasema anajua, lakini mkono haumsikii.

Siku ya pili yake akaja na kopo la tatu, lenye kile kipande cha mwisho, amelifunika na kanga. Akalisimamisha juu ya meza yangu ya kukandia unga, lakini akawa bado amelishika.

"Likae kwako," akasema. "Usinionyeshe hata nikikuomba. Hata nikikulaani."

Kisha akaliachia. Mwanamke yule, kwa miaka ishirini na mitatu, hakuwahi kuniachia hata sindano bila kuhesabu uzi. Nikalia, na sikumficha.

Akaomba aonyeshwe mara kumi na moja. Akanilaani mara mbili. Sikulitoa. Katika miezi hiyo aliniambia pia nije na jembe, tuuhamishe mwasumini. Tuliung'oa pamoja na donge la mizizi, nikausimika upande wangu wa mbali kabisa, na kifua chake kikatulia ndani ya mwezi. Yeye anasema ni tangawizi. Na mpaka leo ananishuku kwamba nilianzisha mambo yote yale ili niupate ule mwasumini, kwa kuwa sasa vikuba vinanunuliwa kwangu.

Mwezi wa tano kikachomoza kitu mchangani, kichwa kidogo kilichojikunja, kikali kama ncha ya penseli. Nikamwita. Tulilichungulia kopo vichwa vimegusana. Siku zilivyokwenda likafunguka jani, likafunguka la pili, na furaha ikaanza kutuondoka, maana yalikuwa kijani tupu. Mistari ilikuwepo. Ukingo wa njano haukuwepo.

"Labda ukikua," nikasema.

Haukuja. Bi Mastura alikaa chini akashika tama. "Ataniambia nimeununua mwingine," akasema. "Ataniambia namdanganya mara ya pili. Na safari hii nasema kweli, Fauzia. Sasa niape kwa kitu gani nisadikiwe?"

Siku ya kuhama, gari la mizigo lilisimama mlangoni tangu asubuhi. Vyungu vinne vilikuwa vimefungwa kwenye maboksi. Bi Mastura akatoka na kopo mikononi, akamfuata mkwe wake ukumbini, nami nyuma yake. Akalinyoosha mbele yake.

Naima akalipokea. Akapitisha kidole gumba pembeni mwa jani, upande huu, akarudi upande wa pili, polepole, kama anayetafuta kilichokuwapo.

"Huu umeoteshwa kwa jani," akasema.

Bi Mastura akanigeukia mimi.

"Ukioteshwa kwa jani, njano inapotea. Inabaki kwa mtoto aliyetoka na mzizi tu. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa mdogo." Akainua macho. "Mbuzi hawaoteshi majani, Mama."

Hapo Bi Mastura akasema yote, amesimama, mikono imening'inia. Akataja kisu, akataja mkaa na vigae, akataja chumvi. "Nilidhani unanizika," akasema. "Nilidhani unanitoa humu ili umchukue mwanangu. Nakuogopa kwa kuwa utaondoka naye, na nimefanya mwenyewe uondoke naye." Nami nikaongeza langu, kwamba habari ya makaburi niliipeleka mimi. Sikutaka ashike fungu langu.

Naima aligeuka ukutani. Mabega yalimcheza. Nje dereva alipiga honi na hakuna aliyemjibu.

"Miezi mingapi?" akauliza bila kugeuka.

"Minane."

"Uliufukua?"

"Miwili niliifukua ikafa. Huu nilimpa Fauzia autunze, nisiuone."

Akageuka. "Ulimpa Bi Fauzia? Wewe?"

"Mimi."

Alikuwa ameishi mle ndani karibu mwaka mmoja na nusu, alijua kilikuwa kitu gani hicho. Akacheka huku machozi yanamtiririka, na mimi nikaona ni afadhali niende nikamtulize dereva.

Hawakubaki. Kazi ilikuwa imeshakubaliwa, na kuna jambo likishavunjika halirudi siku ile ile. Lakini Naima hakulipakia lile kopo. Alilirudisha mlangoni mwa chumba cha Bi Mastura, upande wa kulia, akalisogeza mpaka likakaa pale pale lilipokaa chungu.

"Mmea ukae hapa, Mama," akasema. "Siku utakapotoa mtoto mwenye mzizi wake, niletee Lindi. Uje nao mwenyewe, usimpe mtu."

Miezi kumi Bi Mastura aliuamkia kabla hajanawa uso. Hakufukua hata mara moja. Alikuwa anauzunguka, anauinamia, kisha ananiita ukutani na kulalamika. "Mmea huu unaye mtoto, unamficha. Nauona kabisa unavyonitazama." Mwezi wa kumi na moja ukamtoa, upande wa ukutani, mahali ambapo hakupatazamia.

Mtoto yule alipokomaa akamhamishia kwenye chungu chake, nami nikamsindikiza Bi Mastura mpaka Nangurukuru kungojea basi la Lindi. Konda akataka kukitia kile chungu kwenye buti pamoja na magunia. Bi Mastura akamuuliza mamaye ni nani na anakaa wapi, na kwa nini anakitaka. Akakipakata mapajani, akakifunika na kanga, kisha akafunua akahesabu, kidole juu ya kila jani, akanipigia kelele dirishani. "Manne, Fauzia! Wewe ndiye shahidi yangu, natoka na majani manne!"

Alifika nayo yote manne. Jioni alinipigia simu kunijulisha, na nyuma ya sauti yake nilimsikia Naima akiyahesabu upya.